Kariakoo Ibaki Kariakoo? Majina ya Mahali na Swali la Kuyabadili

1. Utangulizi

Mjadala wa kubadili majina ya mahali una tabia ya homa ya vipindi: hupanda, hushuka, kisha hupanda tena. Katika semina zetu halikosi kundi linalosema kwamba majina yote yaliyoletwa na wakoloni yafutwe, tena leo kabla ya kesho, maana kuyatamka ni kuendelea kumsujudia bwana aliyekwisha kufunga virago. Halikosi pia kundi la pili, linalojibu kwamba jina ni jina tu, haliongezi unga kwenye sufuria, na serikali ina mambo ya maana zaidi kuliko kupaka rangi vibao vya mitaa. Makundi haya mawili hugombana sana, lakini yanafanana kwa jambo moja: yote mawili hayalisomi jina lenyewe. La kwanza linatazama nani alilileta, basi. La pili halitazami kitu.

Sisi tunaosomea uhakiki tumefundishwa kwamba matini haiishi mkononi mwa mtunzi wake. Ikishatoka, wasomaji huifanyia kazi, na kila kizazi huisoma kwa macho yake. Jina la mahali nalo ni matini, pengine fupi kuliko zote tulizo nazo. Lina mtunzi, lina hadhira, na lina historia ndefu ya kutamkwa na kutamkwa upya. Kwa nini basi tunapofika kwenye majina tunausahau uhakiki wote, tunaanza kupiga kelele kama tuko kwenye mpira?

Makala haya yanajaribu kulisoma jina moja, Kariakoo, na kulilinganisha na majina mengine ya hapa kwetu na kwingineko. Dai langu ni hili: pamoja na kuuliza jina limetoka kwa nani, tuulize linamtukuza nani na linamshuhudia nani. Jina linalomtukuza mtesaji lina haki ya kuondolewa. Jina linalomshuhudia aliyeteswa, hata kama lilitoka kinywani mwa mtesaji, tukilifuta tunamzika mtu yule mara ya pili.

2. Mji wa majina juu ya majina

Tuanze na mji wenyewe. Wale wanaotaka "turudi kwenye majina yetu ya asili" wajue kwamba hata Dar es Salaam ni jina lililowekwa juu ya jingine. Palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake hapo, akauita kwa lugha ya watawala wa pwani. Hakuwauliza wenyeji wa Mzizima. Wala Zanzibar ya wakati ule haikuwa ya malaika: utajiri wake ulisimama juu ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Hata hivyo sijamsikia mtu anayedai kwa dhati jiji zima lirudi kuitwa Mzizima. Jina la Sultani limeshatafunwa, limekatwakatwa, limekuwa "Dar", limekuwa "Daslamu". Watu wamelinyang'anya.

Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, nao wakaja na majina yao. Waingereza waliingia Septemba 1916, wakayafagia ya Wajerumani, wakaweka ya kwao. Uhuru ulipokuja tukayafagia ya Waingereza. Barabara ile ya katikati ya mji iliyoitwa Acacia Avenue ikawa Independence Avenue, baadaye ikawa Samora Avenue kwa heshima ya Samora Machel wa Msumbiji. Kichwele ikawa Uhuru. New Street, mahali zilipokuwa ofisi za TANU wakati wa kudai uhuru, ikawa Mtaa wa Lumumba. Kila aliyeshika mji alishika na ndoo ya rangi.

Hapa tuone jambo moja. Kubadili majina si uvumbuzi wa wazalendo wala si kitendo cha ukombozi kwa asili yake. Ni desturi ya kila mshindi. Mshindi akiwa ni wananchi, desturi hiyo hupata maana nyingine, nakubali. Lakini tusijidanganye kwamba kitendo chenyewe cha kubandika jina jipya kinatosha. Tumpime anayebadili kwa kile anachokitaka kikumbukwe.

3. Yaliyoanguka pasipo kuliliwa

Yapo majina ambayo kuondolewa kwake hakukumuuma mtu. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro, akakiita kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Fikiria, ndugu msomaji: mlima ambao Wachagga walikuwa wameupa vilele vyake majina, Kibo na Mawenzi, ukapachikwa jina la mtu aliyeko Berlin ambaye hakuwahi hata kuuona ukungu wake. Baada ya uhuru kilele kile kikaitwa Uhuru. Nani alilia? Hakuna. Jina la Kaiser lilikuwa kwenye ramani, halikuwa kwenye vinywa. Lilikuwa la kutukuza tu, halikushuhudia chochote ila majivuno ya aliyeliweka.

Hali ni hiyo hiyo kwa sanamu, ambazo ni majina yaliyochongwa. Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa kuvunja upinzani wa pwani wa miaka ya 1888 na 1889, ambao kiongozi wake mmoja, Bushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Upinzani huo tunausoma katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Waingereza waliing'oa sanamu ya Wissmann. Badala ya kuishia chakavuni ilipelekwa Hamburg, na mwaka 1922 ikasimamishwa kwenye chuo kikuu cha huko. Ilikaa pale mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967. Ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Wanafunzi wenzetu hao hawakufuta historia. Historia ya Wissmann haijapungua hata ukurasa mmoja. Kilichoondoka ni heshima aliyokuwa akipewa kila asubuhi na watu waliopita chini ya miguu yake.

Lakini tusisahau upande wa pili. Mwaka 1973 Ziwa Albert lilipewa jina la Mobutu Sese Seko na Ziwa Edward likapewa jina la Idi Amin. Kwa vigezo vya kundi la kwanza pale semina, hayo yalikuwa mapinduzi: watu wa ukoo wa kifalme wa Kiingereza wameondoka, Waafrika wameingia. Basi bwana, Amin alipoangushwa mwaka 1979 jina lake likaanguka naye, na la Mobutu nalo halikudumu. Leo maziwa hayo yanaitwa tena Albert na Edward, na wanaoishi kando yake wanaendelea na majina yao kama walivyofanya siku zote. Somo ni jepesi: jina la kujitukuza halipati uhalali kwa sababu mwenye kujitukuza ni ndugu yetu.

4. Kariakoo: neno lililomezwa

Sasa tufike sokoni. Kwa mgeni, Kariakoo ni soko, ni vitambaa, simu, vitunguu, makelele na wasukuma mikokoteni wanaotaka njia. Kwa mpenzi wa soka ni "dabi ya Kariakoo", yaani Simba na Yanga. Ni wachache wanaosimama kujiuliza neno hili limetoka wapi, kwa kuwa linasikika kama Kiswahili kitupu.

Si Kiswahili kitupu. Ni Kiingereza kilichopita katika kinywa cha Mswahili. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, hapakuwa na njia ya magari ya kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Jeshi lilibebwa vichwani. Kikaundwa kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps. Pale mjini Dar es Salaam, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko likawa kambi ya wapagazi hao baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Watu wakaliita kwa jina la waliokuwa wamelala pale.

Wanaisimu wenzangu wataliona neno lilivyofanyiwa kazi. Mwingereza akilitamka jina lile, herufi za mwisho hazisikiki. Kinachobaki sikioni ni o iliyovutwa. Mswahili akaipokea o ile, akaiandika mara mbili, mkazo ukakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo ada ya lugha yetu. Kila silabi ikaishia kwa irabu. Ka-ri-a-ko-o. Hakuna kamati iliyokaa. Nairobi wana Kariokor yao, iliyozaliwa na kikosi kile kile, lakini kibaoni wameiachia r ya mwisho, r ambayo hata Mwingereza mwenyewe haitamki! Neno ni moja, ila huku limemezwa, kule kwenye maandishi bado limekwama kooni.

Ni akina nani hao waliolala Kariakoo? Katika kampeni nzima, upande wa Waingereza peke yake, watu wapatao milioni moja walipitishwa katika kazi ya upagazi na vibarua vya jeshi. Wapo waliokwenda kwa mshahara. Wengi walikamatwa: katika Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 msako ulikuwa mkubwa mno, wanaume wakasombwa kijiji kwa kijiji. Kadiri jeshi lilivyosogea kusini, watu wa Tanganyika nao wakaingizwa. Walibeba ratili 50 au 60 kila mmoja, katika mvua na matope, kwa chakula kibovu ambacho mara nyingi hakikuiva. Karibu laki moja walikufa. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, kichomi, malaria na njaa. Wengi hawakuandikwa sawasawa majina wala vijiji vyao, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Upande wa Wajerumani nako mizigo ilibebwa na vichwa vile vile vyeusi.

Baada ya vita Waingereza walisimamisha kumbukumbu. Mwaka 1927 ikawekwa Dar es Salaam ile Sanamu ya Askari, ambayo mpaka leo inaelekeza singe yake bandarini. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi pia. Ya Kiingereza alitunga Rudyard Kipling, mshairi wa dola yao. Lakini itazame sanamu yenyewe. Ni askari mwenye bunduki. Mpagazi wa Dar es Salaam hakupewa nafasi ile ya juu. Amepewa mstari katika jiwe, miguuni mwa mwenye silaha.

Hata sisi watu wa fasihi hatukumfanyia hisani. Vita vya Wadachi na Mrima vina utenzi wa Hemedi. Maji Maji ina utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini na ina tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969). Mpagazi wa 1916 je? Katika orodha ya vitabu tulivyosomeshwa mimi na wenzangu hayumo, hata kama mhusika mdogo wa kupita na maji jukwaani. Kwa hiyo mnara wake wa kweli hapa mjini ni neno. Ni neno lile lile tunalolitamka tukimwambia kondakta atushushe.

5. Hoja za wanaotaka lifutwe

Wapo watakaosema, na nimewasikia wakisema: "Sawa, lakini jina hili ni la jeshi la mkoloni. Linawaita babu zetu kwa kazi waliyolazimishwa, kama vile unavyoweza kumwita mtu kwa mnyororo aliofungwa. Heshima iko wapi?" Hoja hii ina uzito, tusiipuuze.

Kwanza, ni kweli jina lilimtaja mtu kwa mzigo wake. Lakini jiulize: tukiliondoa, tunaondoa mzigo au tunamwondoa mbebaji? Mateso ya 1917 yamekwisha kutokea. Tukiweka pale jina la kiongozi fulani, hata awe mwema namna gani, mpita njia hatakuwa na sababu ya kuuliza neno limetoka wapi. Leo sababu hiyo ipo. Mtoto akiuliza "Kariakoo maana yake nini?", mlango wa historia unafunguka. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza Kilele cha Kaiser kilikuwa na maana gani, maana jina lile lilijibu lenyewe: maana yake Kaiser.

Pili, upagazi wenyewe haukuwa fedheha tangu mwanzo. Kabla ya vita kuufanya utumwa wa kijeshi, ulikuwa kazi ya watu wenye ujuzi na fahari, hasa Wanyamwezi, waliotembea kutoka bara hadi pwani na kurudi. Bagamoyo, mwisho wa safari yao, yasemekana jina lake ni bwaga moyo. Wapo wanaolieleza kwa kilio cha mtumwa aliyeacha moyo wake bara, na wapo wanaolieleza kwa raha ya mpagazi aliyetua mzigo na kupumua. Maelezo hayo mawili yanagombania neno moja, na ugomvi huo ni elimu. Ukilifuta neno, unawanyamazisha mtumwa na mpagazi kwa pamoja.

Tatu, tazama kilichomiminwa ndani ya jina Kariakoo toka vita viishe. Waingereza waliligawa jiji kwa rangi za watu, na Kariakoo ikawa sehemu ya Waafrika. Humo humo zikakua klabu za soka, vikundi vya ngoma na taarabu, chama cha Waafrika, kisha TANU mwaka 1954. Kambi ya waliokuwa hawana sauti ikawa mahali pa kupazia sauti. Soko la sasa, alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Hata siku ile moto ulipowaka, watu hawakusema "soko kuu limeungua". Walisema "Kariakoo inaungua", na nchi nzima ikaelewa.

Kuna na jambo la nne, linalotuhusu sisi wenyewe. Mgawanyo ule wa rangi uliacha majina matatu ambayo hayakuandikwa kwenye kibao chochote: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mawili ya kwanza yamechakaa. La tatu liko hai, tena limeongezewa dharau. Mtu akisema fulani "anakaa uswahilini", hasemi habari za ramani; anasema habari za matope, kelele na umaskini. Akisema "acha uswahili", anakusudia ujanja na maneno mengi. Jina la lugha tunayojivunia na jina la watu walioizaa limegeuzwa tusi, na wanaolitoa tusi hilo si Waingereza. Ni sisi, wakiwemo wasomi wanaoandika barua magazetini kudai majina ya kikoloni yafutwe! Hapa hakuna kibao cha kung'oa. Ndiyo maana nasema rangi peke yake haitoshi.

6. Berlin na Tandamti

Mifano miwili zaidi itatusaidia, mmoja wa mbali na mmoja wa jirani.

Wa mbali ni Berlin, na unatuhusu kwa damu. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, barabara moja ya mji huo ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyetutia katika mikono ya Wajerumani kwa mikataba ya ulaghai, akanyonga watu Kilimanjaro hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Wahenga wetu walikuwa wameshampa jina lao: Mkono wa Damu. Watu wa Berlin walipoanza kulalamika, mwaka 1986 wakubwa wa mji wakafanya kiini macho: wakatangaza kwamba tangu sasa barabara hiyo inamkumbuka Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Kibao kikabaki kile kile! Huu ni uhakiki wa ajabu, kubadili maana bila kugusa neno. Haukufaulu, kwa sababu maana haibadiliki kwa tangazo. Hatimaye, Agosti 2024, baada ya miaka mingi ya mabishano, jina likaondoka, na sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji-Maji-Allee. Kabla ya hapo, mwaka 2021, mtaa wa Wissmann katika eneo la Neukölln ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Moshi, miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika madaraka serikalini Tanganyika. Hayo nayaunga mkono mia kwa mia. Majina yale yalikuwa ya kutukuza, na yaliyowekwa badala yake yanawafanya Wajerumani waulize: Maji Maji ni nini? Lucy Lameck ni nani?

Mfano wa jirani ni mchungu zaidi. Pale Kariakoo uko Mtaa wa Tandamti. Mtaa huu ulipewa jina la Mshume Kiyate, mmoja wa wazee wa sokoni waliosimama na TANU na Mwalimu Nyerere wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na hatari. Nia ilikuwa njema kabisa. Mzee anastahili. Lakini nenda leo ukamwulize mwenye duka uko mtaa gani. Aghalabu atakwambia Tandamti. Kwa nini? Kibao kiliwekwa, hadithi haikuwekwa. Hatukufundishwa shuleni Mshume Kiyate alifanya nini, basi jina likabaki bila mizizi mdomoni. Linganisha na klabu ya Sunderland iliyoitwa Simba mwaka 1971. Hilo lilishika mara moja, na leo ukimtajia shabiki kijana Sunderland atadhani unazungumza habari za Uingereza. Watu walilitaka, wakaliimba uwanjani, likawa lao. Jina jipya huishi kwa kutumiwa na kusimuliwa. Serikali inaweza kulizaa, haiwezi kulinyonyesha.

7. Mtihani mgumu: Ziwa Victoria

Atanikamata mtu hapa: "Na Victoria je? Limetamkwa miaka zaidi ya 160. Nalo limemezwa?"

Nalijibu kwa kigezo kile kile. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza, akalipa ziwa jina la malkia wake. Ziwa halikuwa bila jina. Misafara ya pwani iliijua Bahari ya Ukerewe. Waganda waliliita Nalubaale, Waluo Nam Lolwe, na wengi kando yake walisema nyanza, yaani maji makubwa. Victoria hakuliona, hakuteswa kwalo, hakulifanyia kazi. Jina lake hapo ni la kutukuza tupu. Wala halijamezwa sana kama tunavyodhani: watu wa huko husema ziwani, mikoa yao wenyewe huiita Kanda ya Ziwa, wavuvi hawamtaji malkia wanapotupa nyavu.

Kwa hiyo naona linastahili kubadilishwa. Ugumu uko katika kuweka nini, kwa sababu ziwa ni la nchi tatu na la lugha nyingi, na kabila moja likishinda, mengine yatakuwa yamebadilishiwa mkoloni. Hata hivyo historia inatuachia upenyo. Waingereza wenyewe walizoea kuliandika Victoria Nyanza. Jina lilikuwa na nusu mbili, ya mgeni na ya wenyeji. Sisi, kwa maajabu yetu, tumeitunza nusu ya mgeni tukaitupa ya wenyeji! Hatuhitaji kubuni kitu. Yatosha kuachia nusu moja iende zake na kuikaribisha ile nyingine, wazee wa pande zote wakikaa wakakubaliana.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba "libadilishwe" na "libaki" si misimamo ya kisiasa ya kuchagua mara moja kwa majina yote, mtu akaenda nayo kifuani kama beji. Ni majibu ya usomaji, na kila jina hudai usomaji wake. Kaiser aondoke, Peters aondoke, Victoria aage taratibu. Kariakoo ibaki.

Lakini ikibaki hivi hivi, bila maelezo, kundi la kwanza litakuwa na haki ya kutucheka, kwa maana ushahidi usiosomwa hauna tofauti na jiwe. Napendekeza mambo mawili. Halmashauri ya jiji iweke pale sokoni, mahali watu wanapopita kwa wingi, maandishi ya Kiswahili yanayosema hapa palikuwa kambi ya nani, walichukuliwaje na wangapi hawakurudi. Si lazima iwe sanamu ya fedha nyingi. Ukuta upo, rangi ipo.

Jambo la pili ni letu. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi hutumwa kukusanya data, na kila mwaka wengi wetu huleta methali na vitendawili ambavyo tayari vimo vitabuni. Safari hii twende Kariakoo, Ilala na Magomeni tukawaulize wazee babu zao waliwasimulia nini juu ya vita ya Wajerumani na Waingereza: nyimbo za njiani, majina ya mito waliyovuka, majina ya waliozikwa kandokando ya barabara. Wapagazi wenyewe wamekwisha. Watoto wao karibu wote wamekwisha. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee sasa. Wakiondoka kabla hatujafika na madaftari yetu, ndipo Kariakoo itakapokuwa kweli jina tu.